Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Mfongo hadi Pangani

Ndugu wanachama,

Mwanzoni mwa mwaka, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita hapa Moshi aliniuliza kwa nini tunahangaika na bahari ilhali sisi tuna mlima. Siku ile sikuwa na la kumwambia.

Mwaka huu wanafunzi wetu walitengeneza hadithi za picha na sauti kuhusu bahari. Za kwanza zilinisikitisha. Watoto walichukua picha za fukwe kwenye intaneti, wakazisomea maneno ya kitabuni. Zilipendeza macho, lakini hakuna mtoto aliyekuwamo ndani yake. Kamati ikaamua kila hadithi ianzie kwenye maji anayoyafikia mtoto kwa miguu, na picha na sauti azichukue mwenyewe kwa simu.

Hapo kazi ikapata uhai. Binti mmoja alichutama kando ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, nyuma ya migomba ya bibi yake, akarekodi maji yakipita kwenye mawe, kisha bibi akieleza zamu za kumwagilia. Wenzake wakayafuata maji kwenye ramani: mto Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu, Hale, hadi mji wa Pangani, mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi.

Tuliituma hadithi hiyo kwa mwalimu wa Pangani, na wanafunzi wake wakatujibu kwa yao. Mvulana anachota maji ya kisima, anaonja, anakunja uso. Anaeleza kwamba kiangazi, mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini. Mwishoni anauliza: kiangazi, mfongo wenu huwa na maji kiasi gani? Binti yetu aliomba tuirudie mara tatu, kisha akaenda kumuuliza bibi.

Safari ya Pangani haikufanyika, nauli haikutosha. Hadithi kadhaa za muhula wa kwanza zilipotea simu ilipoharibika, kwa kuwa hatukuweka nakala. Kosa ni letu viongozi, na nimewaomba radhi watoto waliozitengeneza. Sasa kila hadithi inahifadhiwa mahali pawili.

Wanafunzi wanataka ijayo iwe ya silikanti, samaki wa kilindini aliyetengewa hifadhi ya bahari huko Tanga mwaka 2009. Nimekubali, mradi kwanza wamsikilize mvuvi.

Nawaomba wenye mashamba yanayopata maji ya mfongo waturuhusu kurekodi kiangazi kijacho, maji yakiwa haba. Mvulana wa Pangani bado anasubiri jibu lake.