Barua ya wazi kwa Mama Mdogo kuhusu biskuti za mashine

Mama Mdogo,

Shikamoo. Ninatumaini barua hii inakukuta salama huko Hamburg kwa mwanao, na kwamba baridi haijakukunja vidole. Sisi huku Ngamiani, Tanga, hatujambo, isipokuwa joto, na joto hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu kila tukizungumza kwa simu juu ya biskuti za mashine, zile ambazo unga wake hukamuliwa kupitia kisahani chenye matundu ya umbo, wewe hucheka kwanza, na ukimaliza kucheka salio nalo limekwisha. Tena ninaamini wapo wengi katika pwani hii ambao Idi hizi za karibuni zimewaharibia trei nzima nzima, wakadhani mkono wao ndio mbaya.

Picha niliyokutumia Idi ya mwaka 2025, ile uliyoniuliza kama ni chapati za maji, ilikuwa ya biskuti zako za nyota. Nilifanya kama ulivyonifundisha: nilitoa siagi ikae mezani ilainike, nikaenda kuswali Adhuhuri, nikarudi nikachunga unga. Nilipoigeukia siagi, pembe zake zilikuwa zimekwisha kulala na kijito cha manjano kilikuwa kinatafuta ukingo wa sahani. Nikaipiga hivyo hivyo na sukari. Unga uliokandwa ukatoka unang'aa kama uso uliopakwa mafuta, na ndani ya mashine haukuhitaji hata kukamuliwa, ulishuka wenyewe. Nyota zilikaa vizuri juu ya trei kwa muda wa kuzitazama tu. Dakika tano ndani ya oveni, nikachungulia kioo, nikakuta ile mistari ambayo ndiyo fahari ya biskuti hii imefutika yote, na nyota kumi na mbili zimeungana kuwa kitu kimoja. Wewe ukasema nimebania unga. Nikaongeza unga katika mkupuo wa pili, zikatoka ngumu kiasi kwamba Mjomba aliichovya moja kwenye chai mara tatu, akairudisha kwenye sahani bila kusema neno.

Tatizo halikuwa unga. Siagi ni mafuta kwa karibu asilimia 80, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na mchana wa Machi hapa Tanga hewa ya jikoni hufika huko bila jiko kuwashwa. Kwa hiyo siagi ya mezani kwetu hailainiki, inaanza safari ya kuwa mafuta. Siagi iliyolainika, ya nyuzi 18 hadi 20 hivi, ukiipiga na sukari hushika hewa na hubaki imeshikana na unga mpaka oveni ianze kuukausha. Iliyoyeyuka haishiki hewa, na ikiguswa na moto hukimbia pembeni kabla biskuti haijapata muda wa kujishikilia. Unga wa kuongeza hauirudishi. Unafanya uzito tu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo nililochelewa kulielewa: hukunifundisha vibaya, ulinifundisha katika msimu mwingine. Nilipoanza kuoka mwenyewe chini ya macho yako ilikuwa Idi ya Julai 2016, upepo wa kusi unavuma, nawe umejifunga kanga ya pili mabegani, na siagi ilikaa mezani saa nzima bila kutoa jasho. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika miaka tisa ilitoka Julai ikafika Machi. Bado inarudi. Miaka michache ijayo itakuwa Februari, kisha Januari, katikati ya kaskazi, na anayeshika kanuni ya kusi atakamua supu.

Lakini mzunguko huo hujirudia kila baada ya miaka 33 hivi, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Idi za mwanzo wa miaka ya tisini nazo ziliangukia Machi na Aprili, nami nilikuwa mtoto wa kulazwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Ninakumbuka wewe na Bibi mkioka usiku, chemli imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, trei imekalia beseni la maji ya kisima, na mlio wa mpini wa mashine ukinikereza masikioni nusu nimelala. Miaka yote niliamini kwamba mlioka usiku ili sisi watoto tusidokoe. Kumbe mlikuwa mnalikimbia joto! Kisha Idi ilipofika miezi ya baridi mkarudi kuoka mchana, na ule utaratibu wa usiku ukasahaulika bila mtu kuuondoa. Hukunitajia hata mara moja, labda kwa sababu wakati wa kunifundisha haukuwa na kazi.

Kuhusu ile hoja yako nyingine, kwamba ulipoona kwa jirani wa mwanao sahani ya biskuti kama zetu wakati wa Krismasi uliamini Wadachi, yaani Wajerumani, walizibeba kutoka Tanga, niruhusu nikukatalie kwa heshima. Zile ni zao. Huziita Spritzgebäck, jina linalotokana na neno lao la kutoa kitu kwa msukumo, na wengi wao huzikamua kwa mashine ya kusagia nyama iliyofungwa kibati chenye umbo mdomoni. Wasweden na Wanorwe nao huzifanya sikukuu hiyo hiyo, wakizikunja ziwe pete au herufi S. Mashine yetu ya shaba ni ya jamii ile ile ambayo majirani zetu Wahindi hukamulia tambi za dengu. Isitoshe, Wadachi waliondoka Tanga mwaka 1916 Waingereza wakiwa nyuma yao, na mtu anayekimbia vita habebi kisahani cha biskuti. Aliyebeba kisahani ni mtu mwingine, ambaye nitamrejea.

Tofauti iliyopo kati yao na sisi ni kwamba Krismasi haihami. Bibi wa Kijerumani, binti yake na mjukuu wake wote wameoka Desemba, katika baridi ile ile, na ndiyo maana karatasi ya mapishi yao uliyonitumia inaagiza siagi itolewe nje mapema bila kueleza chochote zaidi. Huko ni agizo la busara. Huku ni hasara ya robo kilo ya siagi, nawe unaijua bei yake.

Sasa ninafanya hivi, na ninaomba unisahihishe. Baada ya tarawehe ninachunga unga gramu 375, ninapima sukari laini gramu 125, na vyote, pamoja na bakuli lenyewe, vinalala kwenye friji. Nikishakula daku na kuswali Alfajiri, ninatoa siagi gramu 250, ninaikata vipande, na ninasubiri mpaka kidole kiache shimo bila kurudi na mafuta. Hapo haizidi dakika kumi. Ninaipiga na sukari hadi iwe nyeupe, ninatia kiini kimoja cha yai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, iliki ya Amani iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, na ganda la chungwa la Muheza lililoparuzwa, la manjano tu, kwa sababu lile jeupe ni chungu. Unga huingia mwisho na haukandwi sana. Bekingi pauda sitii kabisa: kinachoumuka hupoteza umbo, na sisi tunataka mistari. Kama unavyoona, ni sehemu moja ya sukari, mbili za siagi na tatu za unga, kipimo ambacho mtu hawezi kukisahau hata akiwa na usingizi wa daku.

Trei lazima iwe kavu, ya baridi na isiyopakwa mafuta, ili unga uishike. Ukiipaka, nyota itabaki imening'inia mdomoni mwa mashine na kukufuata ukiinua mkono. Kosa langu la mwisho, lililonichubua kiganja, lilikuwa kuupooza unga uliokwisha kuchanganywa kabla ya kuukamua. Unga wa baridi haupiti kwenye matundu, mpini hugoma. Ubaridi huja baada ya kukamua: trei nzima inaingia kwenye friji robo saa, ndipo inakwenda kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika kumi hivi, mpaka ncha za nyota zianze kugeuka rangi na bonde zake zibaki nyeupe. Umeme ukikatika ninarudi kwenye beseni lenu la maji ya kisima, na kwa moto ninapalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria, machache kuliko ya wali.

Najua utaguna kwamba ninaoka kwa mizani kama muuza dhahabu, wakati wewe ulipima kwa kiganja na kwa neno lako lile la "kiasi". Lakini Mama Mdogo, biskuti za Idi huokwa na mtu aliyefunga. Siwezi kuonja kama sukari imetosha, wala kujua kama iliki imezidi, mpaka jua lizame na trei nne ziwe zimekwisha kuiva. Mizani ndiyo ulimi wangu wa Ramadhani. Wewe ulikuwa na miaka arobaini ya kuoka mkononi. Mimi nina trei zilizoharibika. Majarini pia nimeijaribu, na nakiri kwamba husimama vizuri zaidi katika joto, ila baada ya siku mbili kwenye kopo harufu yake humfukuza mgeni, nami sitaki kupeleka sahani ya namna hiyo kwa jirani, hata ikifunikwa kwa kawa nzuri namna gani.

Nimebakiwa na mambo mawili. La kwanza, nieleze zile Idi za usiku: mlianza saa ngapi, mlibadilisha maji ya beseni mara ngapi, na je, mlitumia siagi au Bibi alichanganya na samli, kwa sababu harufu ninayoikumbuka si ya siagi peke yake.

La pili ni kisahani. Mashine uliniachia, nami ninaishukuru, lakini ulipofunga masanduku yako ulichukua kile cha nyota, ukasema utakitafutia mashine ya kukitosha huko. Nimebaki na cha tambi na kile cha utepe, na nyota za ile picha nilizikamua kwa kisahani cha kuazima kutoka Barabara ya 12, ambacho mwenyewe amekwisha kukidai. Mwanao amesema huko hujapata mashine ya kukitosha. Basi akitokea mtu wa kuja nyumbani kabla ya mwezi wa Shabani kwisha, mfungie kwenye soksi, aje nacho.