Anzia kwenye ukurasa uliokukwamisha

Rafiki yangu Zawadi,

Salamu nyingi. Umeniuliza utachangiaje nyaraka (maelezo ya matumizi) za lugha ya programu ya Python ilhali C, lugha iliyotumika kuitengeneza, huijui. C haihitajiki hata kidogo. Nyaraka zimo ndani ya repo (hazina ya msimbo) ileile ya python/cpython kule GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, kwenye folda ya Doc, na ni mafaili ya maandishi yanayoishia na .rst. Zamani ziliandikwa kwa LaTeX; mwaka 2007 zikahamishiwa reStructuredText, mtindo wa alama ndani ya maandishi ya kawaida, na programu ya Sphinx ndiyo inayozigeuza kuwa kurasa unazosoma.

Usiende kuwinda makosa. Chukua ukurasa uliokukwamisha majuzi mpaka ukaenda kuuliza watu, kwa sababu wenyeji wa lugha hiyo wameshasahau mgeni anajikwaa wapi. Ila kabla ya kuandika neno, endesha msimbo wenyewe. Kwa mfano, wengi hudhani lstrip, amri ya Python ya kupunguza maandishi upande wa mwanzo, huondoa kipande cha mwanzo wa neno. Andika 'picha_chai'.lstrip('picha_') uone: hakibaki kitu, kwa kuwa Python inazichukua zile herufi moja moja, na c, h, a, i zote zimo. Anayekuachia 'chai' ni removeprefix, aliyeingia toleo la 3.9. Maelezo ya lstrip yameshaonya juu ya hilo, kwa sentensi fupi na mfano wa kuendesha. Yasome kama kielelezo. Aya ndefu za kufafanua bila mfano huwa hazimsaidii mtu.

Kama ni herufi moja iliyokosewa, fungua faili palepale GitHub, bonyeza alama ya penseli, nayo itakutengenezea nakala yako. Kwa marekebisho makubwa zaidi, tengeneza nakala hiyo mwenyewe, kisha ishushe kwenye kompyuta. Repo ni nzito, kwa hiyo kama bando ni la kubana tumia git clone --filter=blob:none; matoleo ya zamani ya mafaili hayatashuka mpaka yahitajike. Fungua tawi jipya (mkondo wako wa mabadiliko), halafu andaa mazingira ya zana (venv) na ujenge kurasa:

make -C Doc venv
make -C Doc html

Kwenye Windows ingia ndani ya Doc, uandike .\make html. Huna haja ya kuijenga Python yenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Iliyomo kwenye mashine inatosha, mradi si ya kale. Matokeo yako Doc/build/html. Yafungue kwenye kivinjari uyasome kwa macho, maana Sphinx inaweza kumaliza bila kulalamika na ukurasa ukawa umeharibika.

Hapo ndipo waliozoea Markdown, mtindo mwingine wa alama, wanapoumia. Msimbo hufungwa kwa alama mbili, ``hivi``, si moja. Jina la fanksheni huandikwa :func:`open` ili liwe kiungo. Kiungo cha nje huishia na mstari wa chini, `maneno <anwani>`_, na ukisahau nafasi kabla ya < hakitafanya kazi. Maagizo kama .. note:: yanataka mstari mtupu kabla yake, na yaliyomo yasogezwe ndani nafasi tatu. Si nne, si tab. Agizo make -C Doc check hukamata mengi ya haya, basi liendeshe kabla ya kutuma.

Ukituma ombi la kuunganisha mabadiliko yako (pull request) kwa mara ya kwanza, roboti itakudai usaini makubaliano ya mchangiaji. Ni ya mtandaoni na hayachukui muda. Kosa dogo la tahajia halihitaji kufunguliwa tatizo (issue) kule GitHub. Badiliko la maana linahitaji, na namba ya tatizo hilo inatangulia kwenye kichwa cha ombi, kwa mtindo wa gh-12345. Ombi lielekeze kwenye main, tawi kuu, hata kama kosa umeliona kwenye toleo la zamani. Wasimamizi ndio wataweka lebo za kulipeleka pia kwenye matoleo ya nyuma.

Jambo moja kwa ombi moja, tafadhali. Ukichanganya sentensi uliyorekebisha na mistari hamsini uliyoipanga upya, mkaguzi haoni ulichobadilisha, na ombi litakaa. Akikuomba marekebisho, ongeza komiti (rekodi ya mabadiliko) mpya juu ya ile ya kwanza. Usilazimishe kwa git push --force: maoni yake yatapoteza mahali pake, na komiti zote zitabanwa kuwa moja wakati wa kuunganisha hata hivyo.

Venv ikigoma, nitumie maandishi yote ya kosa kuanzia mstari wa kwanza, si picha ya skrini.

Wasalaam,
Baraka