Mwanangu, korosho zikae jikoni

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama karanga na jamii zake, lozi na korosho, zinakufaa sasa unapochoma insulini ya kisukari, nami nikakujibu harakaharaka, "We kula tu." Simu ilipokatika nikajuta, maana nilikupa nusu ya jibu.

Kwa njaa ya katikati ya mlo na mlo, ile inayokupeleka kwenye biskuti, zinafaa sana. Chota ukufi mmoja, kama gramu 30. Lozi za kiasi hicho ni punje ishirini na ushei, na wanga wake ni gramu 6 hivi, tena zaidi ya nusu ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Mafuta na protini hufanya chakula kikawie tumboni, kwa hiyo sukari haipandi kwa kishindo. Korosho zina wanga zaidi kidogo, ila mimi zimenishinda kuziacha. Zilizopakwa sukari au asali achana nazo. Yenye ukungu itupe. Na usile ukiwa umepakata mfuko mzima mbele ya runinga: gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550, na mkono hauhesabu.

Sasa lile nililokuficha bila kukusudia. Mwaka wangu wa kwanza wa insulini niliamka usiku natetemeka, nguo zimelowa jasho. Kupima sukari ya damu, 3.1 kwa kipimo cha milimoli, iko chini mno. Nikatafuna korosho, nikajiona mjanja. Baada ya robo saa nikapima tena: 2.9. Mafuta yaleyale yanayozuia sukari kupanda mchana ndiyo yaliyoichelewesha usiku ule, nilipoihitaji upesi. Baba yako ndiye aliyeninywesha juisi, huku akigomba.

Kwa hiyo sukari ikishuka chini ya 3.9 (kipimo chako kikisoma kwa miligramu, ni 70), usiguse karanga kwanza. Kunywa nusu glasi ya juisi, au koroga vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Unatafuta gramu 15 za sukari ya kuingia haraka. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, na mlo bado uko mbali, ndipo ule karanga zako na kipande cha mkate.

Leo kabla hujalala weka juisi kando ya kitanda, kisha nipigie.

Mama yako