Sketi sita za samba zilizokataliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina kibaraza jirani na soko la Mbuyuni. Riziki yangu ni sare za shule, magauni ya kipaimara na vitenge vya harusi. Februari hii nikaletewa oda ya nguo sita za samba, ile ngoma ya Brazil.

Walioileta ni vijana waliokuwa wakiandaa "usiku wa kanivali" katika ukumbi mmoja mjini, ambao sitautaja, wikiendi ile ya mbio ndefu mji unapofurika wageni. (Hata tarehe walikosea. Kanivali ni sherehe ya kabla ya Kwaresima, huishia Jumanne, kesho yake Jumatano ya Majivu. Wao waliiweka Kwaresima imeshaanza.) Wakanipa kianzio na kunionyesha picha moja kwenye simu: binti, manyoya kichwani, na mwilini vipande viwili ambavyo havifiki robo mita ya kitambaa. Nikawauliza, sasa hapo mnanilipa nishone nini? Wakacheka. "Mama, wewe tushonee za samba tu."

Sikuwa nazijua, ikabidi nitafute. Mwanangu alinifungulia video za Rio de Janeiro, nikazikodolea macho usiku wa siku tatu, kama fundi anayechungulia kazi ya fundi mwenzake. Mabinti wa manyoya wapo, sikatai, ila ni wachache. Walionishika mimi ni kundi la wanawake watu wazima, wengine bibi kabisa, wenye sketi pana za lesi, vilemba na shanga, wanazunguka wote kwa pamoja. Wanaitwa baiana, yaani wanawake wa Bahia, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazil. Kila shule ya samba lazima iwe nao, na isiyofikisha idadi hukatwa alama. Ndiyo heshima wanayopewa akina mama weusi waliohamia Rio kutoka Bahia, kama Tia Ciata, ambaye nyumba yake ilikuwa kituo cha samba enzi ambazo polisi walikuwa wakiwaandama wachezaji.

Shule yenyewe haina madaftari. Ni chama cha mtaa, chenye ngoma zake, bendera yake na rangi zake. Mtu wa Mangueira utamjua kwa kijani na pinki, na wa Portela kwa bluu na nyeupe, kama sisi tunavyowajua Simba na Yanga. Ya kwanza kuitwa hivyo, Deixa Falar, ilianza mwaka 1928, na mashindano yakaanza 1932. Waliosimuliwa habari za ngoma ya beni huko Tanga, vyama vya Marini na Arinoti vikitambiana kwa sare na bendi, wataelewa upesi. Na neno samba wengi wanalihusisha na semba ya Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola. Watu waliopelekwa Brazil utumwani walivuka bahari na ngoma zao.

Basi nikashona. Nilinunua bomba la maji la plastiki la nusu inchi, nikalikunja pete tatu kwa kila sketi, ndogo kiunoni, kubwa chini, nikazishikilia kwa kanda za bitana. Juu nikaweka marinda, mita nane kwa sketi moja, na lesi za mapazia ya mtumba kutoka soko la Memorial. Manyoya ya vilemba niliyaomba kwa wachoma kuku, nikayaosha maji manne mpaka harufu ikaisha, nikayachovya rangi ya mikeka. Vidole vyangu vilibaki vya pinki wiki nzima, waumini wenzangu wakadhani nina ugonjwa.

Siku ya kujaribu sikuwa na binti wa kumvisha. Nikamwita bibi anayeuza ndizi mshare mbele ya kibaraza changu. Alivaa ile ya kijani na pinki juu ya kanga yake, akajizungusha mara moja kwa woga. Pete ya chini ikainuka, marinda yakafunguka, ndoo ya mteja ikapigwa dafrau. Akazunguka tena, safari hii kwa makusudi. Bodaboda watatu walizima pikipiki zao kutazama.

Vijana walipokuja wakazitazama, wakatazamana. "Mama, mbona umetushonea makanzu? Wageni wanataka kuona kitu." Wakataka kianzio chao. Sikuwapa, kwa kuwa lesi na bomba nilinunua kwa fedha hiyo hiyo, na ufundi wangu mpaka leo sijalipwa.

Wiki iliyofuata nikasikia mhubiri kwenye spika akiilaani samba kuwa ni ngoma ya uchi. Anayelaani na anayeuza tiketi wametazama picha ile ile moja. Kanuni za Rio zenyewe zinakataza kuonyesha sehemu za siri, na mavazi ni kipengele kinachopewa alama. Februari 2011, mwezi mmoja kabla ya maandamano ya kanivali, moto uliteketeza karakana za shule tatu, Portela ikiwemo. Maelfu ya mavazi yakawa majivu. Wakaketi wakashona upya, wakaandamana bila kupewa alama. Mimi gauni moja la harusi likiungua pasi silali, sasa nimewaza hao mafundi walianzaje asubuhi ile.

Ombi langu kwa waandaaji wa sherehe hapa Moshi na Arusha: mkitaka kanivali, njooni na mita za kutosha, mtulipe mafundi wenu, na muwaite akina mama wa sokoni wacheze.

Sketi zipo, zimening'inia ukutani. Bibi wa ndizi ameshaniuliza mara mbili ile ya kijani na pinki ni shilingi ngapi. Nimemjibu ina mwenyewe, hajaja kulipa tu.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi