Shoga, Tuandikiane

Langoni, Lamu
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, mama na watoto mu wazima. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Pepo za kusi zimetulia na mashua za Mokowe zinavuka bila kurowesha watu.

Tangu ulipokata simu Alhamisi sina raha. Nilikuambia kwamba kabla hatujanunua hata chupa moja ya kutilia achari yetu ya maembe ya kuuza, tuandikiane mkataba. Ukaniuliza, "Kwani huniamini?" Neno lile lilinichoma nikakosa la kujibu. Nimeona nikuandikie, maana yako mambo niliyoyasoma mwaka huu ambayo kwa simu hayaelezeki.

Unajua nilivyoingia chuo hiki. Mombasa tusingeweza, karo na kodi ya chumba zingetumaliza. Hiki cha hapa, jioni narudi kulala kwetu. Darasani tumechanganyika: vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, mama mmoja mwenye duka la leso, na mzee aliyekuwa nahodha. Tunasoma biashara, uhasibu na sheria. Ya biashara sina mengi ya kukueleza, mamako anayajua kuliko kitabu. Uhasibu na sheria ndizo zilizonigeuza.

Uhasibu niliuanzia jikoni. Tuliambiwa kila mtu alete hesabu za biashara ya kweli, nikachagua mahamri ya mama. Siku ile aliuza mahamri 120 kwa shilingi 10, yaani 1,200. Akaniambia faida yake ni mia tano na kitu. Nikakaa naye na daftari: unga 450, sukari 110, nazi 120. Hapo kweli zinabaki 520. Lakini mafuta, mkaa, hamira na iliki huvinunua mara moja kwa wiki, kwa hivyo kichwani mwake havikuwamo. Tukakisia fungu la siku moja: mafuta 220, mkaa 100, hamira na iliki 40. Zikabaki shilingi 160, kwa kazi ya kuamka saa 9 usiku. Na mahamri 12 tuliyokula sisi asubuhi hayakuandikwa popote. Uhasibu unataka yaandikwe kando, kama kitu alichochukua mwenye biashara, kwa sababu biashara na mwenyewe huhesabiwa watu 2.

Mama aliitazama karatasi ile kitambo. Akaniuliza, "Sasa hizi mia tano nilizokuwa nikizitumia zilikuwa za nini?" Zilikuwa za mafuta na mkaa wa wiki inayofuata. Ndiyo maana kila Ijumaa alikuwa akikopa dukani na hajui kwa nini. Siku hizi ana mikebe 2, mmoja wa nyumba na mmoja wa mahamri, na wa mahamri haugusi hata nikimwomba.

Kisha tukaingia debiti na krediti, kila shilingi iandikwe mara mbili: ilikotoka na ilikokwenda, na mwisho pande zote zilingane, ndio urari wenyewe. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, ndiye aliyeyachapisha mazoea haya ya wafanyabiashara wa Venice kitabuni, mwaka 1494. Nilihesabu, shoga: miaka 4 kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapo kwenu Malindi. Uzuri wake ni kwamba kosa linajitokeza lenyewe. Ukisahau kitu, urari haukubali. Nimewahi kukesha na taa nikitafuta shilingi 70, na nilipoipata nilifurahi kama niliyeokota pete.

Lakini lililonifanya nikutajie mkataba ni somo la sheria, na hili nataka ulisome polepole.

Ami yangu unamjua, yule wa mashua. Miaka 8 iliyopita alimuuzia rafikiye nusu ya mashua ile. Sehemu ya fedha alilipwa papo hapo, zilizobaki, shilingi 180,000, zilipwe msimu ukiisha. Walipeana mikono, wakasoma Fatiha, basi. Msimu ukaisha na mwengine ukaja. Ami akaona haya kudai. Alikuwa akisema, "Nitamdaije mtu niliyekula naye sinia moja?" Rafikiye naye si mwizi. Anasema bei waliyopatana ilikuwa pungufu na kwamba alimaliza kulipa, na mimi naamini hivyo ndivyo anavyokumbuka.

Siku moja mwalimu alikuwa akifundisha mikataba. Akasema mkataba wa mdomo ni mkataba halali. Ardhi ndiyo ambayo sheria yetu ya mikataba inataka iandikwe, itiwe saini na ishuhudiwe. Nikafurahi, nikajua ami ana haki. Kisha akageuka ubaoni akaandika: madai ya mkataba, miaka 6. Ikipita miaka 6 tangu haki ivunjwe, mahakama haikusikilizi tena. Laiti ndani ya muda ule ungepata hata karatasi moja ya mwenzio kukiri deni, au akakulipa kiasi, hesabu ya miaka ingeanza upya. Niliiandika ile 6 daftarini, kalamu ikasimama hapo hapo.

Nilimkuta ami kibarazani akishona nyavu, nikashindwa kumwambia. Nilimwambia siku ya tatu. Alinyamaza, akavuta uzi, akasema, "Kumbe haki nayo huzeeka." Muda wote ule alikuwa na nia ya kumpeleka rafikiye kwa kadhi, akingojea tu moyo umpe. Nikamweleza kwamba kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 170, kadhi huhukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Deni la mashua si lake. Leo ami na rafikiye wanaswali msikiti mmoja, huyu safu ya mbele, yule safu ya nyuma, wala hawaulizani hali. Walikuwa kama mimi na wewe.

Nami nilirudi kwenye ile aya ndefu kuliko zote ya Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, iliyokuwa ikitupa taabu kuihifadhi utotoni kwa mwalimu. Inasemaje? Mkikopeshana kwa muda, andikeni, mtie mashahidi, wala msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyosamehewa. Yetu si ya mkono kwa mkono. Mimi niko Lamu na maembe, wewe uko Malindi na wanunuzi.

Sasa tazama hali yetu. Wewe unatia shilingi 60,000, mimi natia 20,000 na mikono yangu. Kanuni tunazosomeshwa, zinazotokana na Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, zinasema wabia, yaani walioshirikiana biashara kama mimi na wewe, wasipopatana vyengine, faida na hasara hugawanywa sawa, na hakuna anayelipwa ujira kwa kazi yake. Maana yake wewe uliyetia mara tatu utapata sawa na mimi, na mimi nitakayemenya maembe mwezi mzima sitapata hata senti ya jasho. Sote wawili tutanung'unika kimoyomoyo. Na deni la biashara kila mmoja wetu analibeba, hata kwa mali yake ya nyumbani. Kampuni ni jambo jingine, yenyewe huhesabiwa mtu kamili, nayo tutaiangalia mbele tukikua.

Kwa hivyo nimeandika rasimu, kurasa 2, kwa Kiswahili chetu. Mimi nilipwe shilingi 4,000 kwa mwezi kwa kazi. Faida inayobaki uchukue sehemu 3, mimi 1, kama mtaji ulivyo. Hakuna wa kukopa kwa jina la biashara bila mwenzake kutia saini. Leja, daftari la hesabu, nitaiandika mimi, na kila mwisho wa mwezi utaipata picha yake kwa simu. Nimeweka pia kifungu cha kifo, usinichukie. Mmoja wetu akitangulia, ubia unavunjwa, hesabu inafungwa, na fungu lake wapewe warithi wake. Sitaki watoto wako waje kuniuliza nami nianze kukumbuka kwa kichwa.

Hicho cha ujira nadhani utakipinga, na huenda una haki, kwani mizigo hapo Malindi utaipokea na kuisambaza wewe. Kama unataka nawe ulipwe, andika kiasi pembeni. Tumia penseli ili tuweze kufuta.

Nakutumia rasimu na barua hii kwa basi la kesho. Maembe yanaanza kuingia Novemba, kwa hivyo jitahidi uje kabla. Nimeacha nafasi 2 za mashahidi: wa kwangu ni ami, ameomba mwenyewe. Wa kwako mchague.

Msalimie sana mama, mwambie achari yake ya ndimu ndiyo tutakayoifuata.

Wako akupendaye,
Shogayo wa Langoni