YAH: Malalamiko kuhusu bustani "isiyo na sumu" mliyotengeneza Shangani, Mtwara

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kutengeneza Bustani,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari kampuni yenu ilikamilisha bustani ya mbele na ya ubavuni mwa nyumba yangu, kwa makubaliano ya maandishi kwamba hakitapulizwa kiuagugu chochote, kwamba magugu yatang'olewa kwa mkono na jembe, na kwamba ardhi itafunikwa kwa matandazo yanayooza. Bei yenu haikuwa ndogo, nami niliikubali kwa sababu ya maneno hayo. Nasikitika kukuarifu kwamba hakuna hata moja lililotekelezwa.

Nilipokuwa nikifyeka chini ya mpapai ulio kando ya ukuta, niliokota chupa tupu iliyofukiwa nusu mchangani, yenye lebo inayotaja glaifoseti, ambayo ni kiuagugu. Msimamizi wenu wa kazi alikiri kwa simu kwamba vijana walipuliza "kidogo tu, pembezoni". Kisima ninachomwagilia kiko jirani na ukuta huo, na mchanga wetu, tofauti na mfinyanzi, haushiki vizuri kinachomwagwa juu yake. Ningependa pia kujua chupa nyingine, kama zipo, zilitupwa wapi, kwa kuwa kuku wa mtaa huu hawajui mpaka wa mtu.

Linaloniudhi zaidi ni nailoni. Chini ya kokoto mlizomwaga kuanzia barazani hadi getini mmetandika nailoni nyeusi isiyo na tundu hata moja, jambo ambalo sikuambiwa na ambalo halimo katika makubaliano. Mvua za Machi ziliponyesha, maji ambayo miaka yote yalizama mchangani papo hapo yalikusanyika juu ya nailoni hiyo, yakasomba kokoto, yakaingia uani kwa jirani na kubomoa tuta lake la mchicha. Mlimau niliokuwa nao kabla ya ujio wenu umezibwa hadi shinani, na majani yake yanageuka manjano na kupukutika katika msimu ambao miti mingine yote ya hapa imestawi. Magugu yenyewe hayakuzuilika, maana ndago imeitoboa nailoni: ukiinama utaona ncha zake, kali kama sindano, zikichomoza katikati ya kokoto, na ukiivuta inakatikia juu huku kiazi chake kikibaki chini, mahali ambapo jembe haliwezi tena kufika.

Ninafahamu kwamba katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea, hivyo silitumii dhidi yenu. Hata hivyo, nailoni hiyo ikishapigwa na jua la hapa itachanika vipandevipande, na mvua itavibeba hadi baharini, ambako si mbali.

Msimamizi wenu alipendekeza kuiondoa na kuniletea maganda ya korosho bure, "kwa kuwa ni kitu cha asili". Mtu yeyote wa mkoa huu aliyewahi kubangua korosho anajua jinsi mafuta ya ganda lake yanavyobabua vidole, na wanangu hucheza pekupeku katika bustani hiyo, kwa hiyo nilikataa. Makumbi ya nazi yapo tele, hushika unyevu na huoza taratibu. Kwa nini hayakufikiriwa tangu mwanzo sielewi.

Ninaomba, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, mwondoe kokoto na nailoni yote na kuipeleka mahali panapostahili, mchimbe ndago pamoja na viazi vyake, mtandaze makumbi au majani makavu pasipo kugusa mashina ya miti, na kumtengenezea jirani yangu tuta lake. Salio la shilingi 350,000 nitalilipa kazi hiyo ikikamilika, na si kabla. Mkikaa kimya, nitawasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na suala la kiuagugu nitalifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Nimeambatisha nakala ya makubaliano pamoja na picha. Chupa nimeihifadhi, na mtaonyeshwa mkifika.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Shangani.