Mkipima mto, geuzeni na mawe

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku milima ya Uluguru mtu akitaka kujua kama mto ni mzima anaangalia tu maji, yakiwa meupe basi kamaliza. Mi nasema ingia kwenye maji, geuza jiwe, angalia nani anaishi chini yake.

Juu msituni maji yanagonga mawe yanapata hewa nyingi, huko unakuta wadudu wa kila aina, wengine bapa wamejibana kwenye jiwe wasisombwe, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga au vipande vya majani, watoto wa kerengende nao wanawinda humo humo. Halafu kaa wa mtoni jamani, hao ndo wanakatakata majani yanayodondoka majini mpaka wadogo nao wapate chakula. Sasa fyeka miti ulime mpaka ukingoni: jua linapiga, maji yanapata joto, na maji ya joto hayashiki hewa kama ya baridi, mvua ikija udongo unashuka unajaza nafasi zote kati ya mawe, matamvua ya wadudu ya kupumulia yanaziba, majani ya kula hakuna tena. Wanaobaki ni minyoo na vile viluwiluwi vyekundu, wekundu wake ni himoglobini kama ya damu yetu, inawasaidia kuishi penye hewa kidogo.

Ila tuwe makini hapa, tope sio lazima iwe uharibifu. Mto ukifika bondeni unatulia wenyewe, unalaza mchanga na tope, na wadudu wake ni wengine kabisa, kwahiyo ukilinganisha mawe ya juu na tope la chini utaulaumu mto bure. Mawe kwa mawe, tope kwa tope! Mfumo wa kupima mto kwa wadudu wake upo tayari, unaitwa TARISS, umetengenezwa kwa ajili ya mito yetu Tanzania ukifuata ule wa Afrika Kusini, kila familia ya wadudu ina alama yake na wasiovumilia uchafu ndo wana alama kubwa.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingoni ziachwe, na mito hii inaingia Ruvu, maji wanayokunywa Dar. Naomba wanaokuja kupima waje na wavu pia, wapime penye miti na palipofyekwa, matokeo wayabandike ofisi ya kijiji ili mkulima aliyelima ukingoni na jirani yake aliyeacha miti wayasome wote.

Msomaji wenu, Morogoro